Maji ya bomba yakibadilika Mtwara na Lindi: dalili, sababu na hatua za kuchukua

Malalamiko ya maji ya bomba huku kwetu kusini hujirudia msimu kwa msimu. Yametoka mekundu baada ya mgao. Yana chumvi kiangazi kuliko masika. Yananuka dawa. Au hayana kasoro yoyote ya kuonekana, lakini watoto wa nyumba moja wameanza kuharisha siku moja. Mwongozo huu unazifuata dalili hizo, kila moja ikianza na sababu inayotokea mara nyingi na ukaguzi usiohitaji hela.

Kuna jambo ninalotamani kila nyumba ilijue. Rangi, ladha na harufu huwatisha watu kuliko zinavyowadhuru, na vinavyodhuru zaidi havionekani. Maji yenye kutu yanaweza kuchafua shuka zako zote yasikuumize tumbo. Maji maangavu yaliyokaa kwenye dumu chafu yanaweza kukulaza hospitali.

Maji ya miji yetu kwa sehemu kubwa yanatoka ardhini: visima vya Mtawanya kwa Mtwara mjini, Ng'apa kwa Lindi, Mitema kwa uwanda wa Makonde, chemchemi ya Mbwinji kwa Masasi na Nachingwea. Maji ya chini ya ardhi, kisima kikiwa kirefu na kimejengwa vizuri, hutoka na vijidudu vichache sana. Uchafu mwingi huyakuta njiani: kwenye bomba lililopasuka, kwenye tanki lisilofunikwa, kwenye ndoo, kwenye kata. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kujua yamebadilikia wapi.

Acha kuyanywa sasa hivi, kisha ndipo utafute sababu, ikiwa:

- yananuka choo, mafuta ya taa, petroli au kiuatilifu;
- watu wa nyumba zaidi ya moja mtaani wanaharisha au kutapika kwa wakati mmoja;
- bomba limepasuka ndani ya mtaro wa maji machafu au karibu na chemba;
- mafuriko yamefunika kisima, dira (mita ya maji) au tanki la chini;
- rangi imebadilika ghafla na huijui, hasa kama kuna mtu anafanya kazi ya kuchimba au kunyunyizia dawa jirani.

Kwa harufu ya petroli au kiuatilifu, kuchemsha hakusaidii na kidonge cha klorini hakisaidii. Tafuta maji mengine, toa taarifa, ngoja.

## Ukaguzi wa kwanza, kwa dalili yoyote

Uliza jirani anayechota kwenye bomba la mtaa lilelile, na kama yupo mwenye tanki na asiye nalo, uliza wote wawili. Nyumba zote zikiwa na tatizo moja, chanzo kiko kwenye mtandao wa mamlaka. Likiwa kwako tu, liko upande wako wa dira.

Kisha chota glasi mbili zinazoonyesha vizuri: moja kwenye koki iliyo karibu kabisa na dira, kabla maji hayajaingia kwenye tanki, nyingine kwenye koki ya jikoni inayotoka tankini. Ziweke juu ya karatasi nyeupe. Tofauti kati ya glasi hizo mbili inakwambia mengi kabla fundi hajaitwa.

Halafu linganisha maji ya mwanzo na maji baada ya kuyaacha yatiririke kwa dakika tatu au nne. Usiyamwage. Maji ya mwanzo yanafaa kwa choo na kwa miche.

## Mekundu, ya kahawia au ya njano

Sababu ya kawaida kuliko zote ni mgao. Maji yanapokatika, bomba hubaki tupu na kutu ya ndani hukauka. Yanaporudi kwa kasi huing'oa na kuja nayo. Rangi hii huisha ndani ya dakika chache hadi saa moja hivi. Funga koki inayoingia tankini kabla maji hayajarudi, acha ya mwanzo yapite kwenye koki ya nje, ndipo ujaze. Kitendo hicho kimoja huokoa tanki lako na tope la miezi mingi.

Lakini usiishie kwenye kutu. Bomba likikosa presha, kila ufa uliokuwa ukivujisha maji nje sasa unavuta ndani chochote kilichouzunguka: maji ya mtaro, udongo, maji ya shimo la choo. Kwa hiyo maji ya kwanza baada ya mgao mrefu hayanywewi bila kutibiwa, hata yakiwa safi machoni. Wanaofunga pampu ya kuvuta moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka huongeza hatari hii kwa mtaa mzima, kwa sababu pampu yao inanyonya kwenye nyufa za kila mtu. Kama unahitaji pampu, ivute kutoka kwenye tanki lako, isiguse bomba la mtaa.

Sababu ya pili ni mabomba ya chuma ya ndani ya nyumba, hasa nyumba za zamani za Mikindani na katikati ya miji. Dalili yake: maji ya asubuhi, yaliyolala bombani, ni mekundu kila siku hata kama hakujawa na mgao, na ya jirani ni safi. Dawa ya kweli ni kubadilisha bomba. Kuchuja ni kuahirisha.

Ya tatu ni chuma kilichoyeyuka kwenye maji ya kisima. Hapa kuna ukaguzi mzuri: maji yanatoka maangavu kabisa, ukiyaacha kwenye glasi kwa saa moja au mbili yanageuka manjano na kuweka vumbi jekundu chini. Chuma kilikuwa kimeyeyuka, kimekutana na hewa, kikawa kutu. Utakijua pia kwa chai: majani ya chai yakikutana na chuma kingi, chai inakuwa nyeusi isivyo kawaida na ladha inakazana ulimini. Nguo na ladha huanza kuathirika chuma kikizidi takriban miligramu 0.3 kwa lita. Kwa afya si sumu kwa viwango hivyo. Usijaribu kutoa madoa hayo kwa dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, maana klorini inayakaza; tumia ndimu na jua.

Chuma cha kisima hupungua ukimwaga maji kwa kuyarusha hewani kuingia tanki la kwanza, ukayaacha yatue usiku kucha, ukachota ya juu. Kisima cha jumuiya kinahitaji chujio la mchanga lililosanifiwa na mhandisi.

Simama, ita mamlaka: wekundu ukidumu zaidi ya siku moja mtaani kwenu bila mgao, au ukija pamoja na harufu.

## Meupe yenye ukungu

Jaza glasi, itazame. Weupe ukianza kuondoka kutoka chini kwenda juu na glasi ikawa safi ndani ya dakika mbili, ni hewa tu. Kunywa, isipokuwa kama ni maji ya kwanza baada ya mgao mrefu: hayo yatibu kwanza. Ukibaki, au ukitua chini, ni udongo laini au chokaa: rudi kwenye ukaguzi wa kwanza na uyatibu kabla ya kunywa.

## Yananuka dawa

Watu wengi huyamwaga maji haya na kwenda kuchota kisima cha wazi kwa sababu "ya bomba yana dawa". Inaniuma kila ninapolisikia, kwa sababu harufu hafifu ya klorini ndiyo ishara pekee ya usalama ambayo pua yako inaweza kuikamata. Shirika la Afya Duniani linataka klorini isipungue miligramu 0.2 kwa lita maji yanapofika kwa mtumiaji, na linaweka kikomo cha miligramu 5. Pua nyingi huanza kuisikia ikiwa chini sana ya kikomo hicho.

Harufu huwa kali siku ambayo mamlaka imesafisha bomba baada ya matengenezo, au kama unaishi karibu na tanki kuu ambako dawa inatiwa. Weka maji kwenye chombo safi chenye mfuniko uliolegezwa kidogo. Baada ya saa chache harufu inapungua. Usiyaache wazi usiku kucha ili "dawa iishe", kwa maana ikiisha, kinga imeisha pia.

Ikiwa harufu ni ya plastiki au ya hospitali, kagua mpira. Mpira wa bustani ulioachwa juani, ukiunganishwa kwenye bomba lenye klorini, hutoa ladha hiyo hasa. Mipira hiyo haikutengenezwa kwa maji ya kunywa. Na usiache mdomo wa mpira ukiwa umezama kwenye pipa au ndoo ya kufulia: presha ikishuka, maji ya sabuni yanarudi bombani.

Simama: klorini inayowasha macho au koo unapofungua koki si ya kawaida. Usiyatumie hata kuoga, na piga simu mamlaka mara moja.

Upande wa pili wa jambo hili hauripotiwi na mtu: maji ambayo hayana harufu ya dawa kabisa, wiki baada ya wiki. Mamlaka na vyombo vya maji vijijini wana kipimo rahisi, kidonge au matone yanayogeuza maji kuwa ya pinki klorini ikiwepo. Waombe wapime kwenye koki yako, si kwenye tanki kuu tu. Mwisho wa bomba ndiko dawa huishia.

## Yananuka yai viza, ukungu au tope

Yai viza ni gesi inayotengenezwa na bakteria mahali pasipo na hewa. Mara nyingi mahali penyewe ni kwako: kitako cha tanki chenye tope, au bomba la nyumba iliyofungwa muda mrefu. Glasi ya koki ya dirani haina harufu? Safisha tanki. Inayo? Ni kisima au bomba kuu.

Harufu ya ukungu au ya majani ni ya tanki linaloingiza mwanga. Mwani wa kijani huota palipo na jua, na utelezi wa kuta za ndani ndio makazi ya bakteria wengine. Tanki jeusi lenye mfuniko unaobana halioti mwani. Ukikuta viluwiluwi, mbu wameingia kwa mfuniko au kwa tundu la kufurikia. Weka wavu laini kwenye tundu hilo, kwa kuwa maji yaliyotulia nyumbani ndiyo yanayozalisha mbu wa homa ya dengi.

Kusafisha tanki la lita 1,000: toa maji yote, sugua kuta kwa brashi na sabuni kidogo, toa tope, suuza. Jaza maji, tia takriban lita 1.5 ya dawa ya klorini ya dukani isiyo na manukato yenye nguvu ya asilimia 3.5 (soma chupa, nguvu hutofautiana), fungua kila koki ya nyumba hadi harufu ya klorini itoke, funga, acha usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yote, mbali na kisima na bustani, suuza, jaza upya. Maji hayo ya dawa hayanywewi. Usichanganye klorini na dawa ya kusafishia choo ya aina yoyote. Mchanganyiko hutoa gesi inayoua. Na usimwingize mtoto ndani ya tanki, wala mtu mzima peke yake bila wa nje anayemwona.

Harufu ya choo haina maelezo ya nyumbani. Acha kunywa, acha kupikia, ita mamlaka, waambie majirani.

## Yana chumvi

Kwa anayechota kisima karibu na bahari, iwe Msangamkuu, Mikindani au pwani ya Lindi, hii ndiyo dalili ya miaka yote, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu dawa wanayoifikiria wengi ndiyo inayoharibu zaidi.

Chini ya ardhi ya pwani maji baridi ya mvua yanaelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ya bahari ni mazito. Uwiano wake ni mkali: kwa kanuni wanayoitumia wanajiolojia, uso wa maji baridi ukishuka mita 1 kwa kuvutwa, mpaka wa maji ya chumvi chini yake unaweza kupanda hadi mita 40 hivi, mambo yakitulia. Kwa hiyo kisima kikianza kuingia chumvi, kuchimba zaidi chini ni kuyafuata maji ya bahari yaliko, na kufunga pampu kubwa ni kuyaita.

Kagua hivi. Onja, au pima kwa kifaa kama kipo, kiangazi na tena baada ya mvua kubwa. Chumvi ikipanda kiangazi na kushuka masika, kisima kinazidiwa. Kisha linganisha siku za bamvua na siku za maji mafu: ikifuata bahari, kisima kimeshaunganika nayo. Chumvi isiyofuata msimu wala bahari inaweza kuwa ya mwamba wenyewe, au, kwa kisima kifupi chenye vyoo jirani, mkojo na maji machafu. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuogopa, na maabara ndiyo itakayokwambia.

Linalosaidia: vuta kidogo kidogo kwa saa nyingi badala ya kwa nguvu kwa muda mfupi, pumzisha kisima usiku, vuna maji ya paa kwa kunywa na uache ya kisima kwa kufulia, na kwa kisima kipya kichimbwe bara zaidi. Kuchemsha huongeza chumvi kwa sababu maji yanapungua na chumvi inabaki. Mtu mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa figo asiyatumie maji haya kwa kunywa. Amuulize daktari wake.

Chumvi kwenye maji ya mamlaka mjini, ghafla, maana yake huenda wamebadilisha kisima au wanachanganya vyanzo. Waulize. Una haki ya kujua.

## Sabuni haitoi povu, birika lina ukoko

Ni chokaa. Ardhi ya pwani yetu ina mawe mengi ya chokaa na maji yaliyopita humo huwa magumu. Hayadhuru. Ukoko wa birika huyeyuka kwa siki au ndimu.

## Maji ya paa

Si maji ya bomba, lakini juu ya uwanda wa Makonde, kuanzia Newala hadi Tandahimba, ambako mabonde na mito iko mbali chini, nyumba nyingi zinachanganya ya bomba na ya bati katika tanki moja. Basi tatizo la paa linakuwa tatizo la koki.

Kinachotutofautisha na mikoa mingi ni mikorosho. Kiangazi, mikorosho inapochipua na kutoa maua, salfa ya unga hupulizwa na upepo unaipeleka kwenye kila bati lililo jirani. Siku hizi pia kuna viuatilifu vya maji. Vumbi hilo linakaa juu, pamoja na kinyesi cha ndege na popo, hadi mvua ya kwanza. Dalili: maji ya mwanzo wa msimu yana unga wa njano, yananuka kiberiti, yanawasha macho. Salfa yenyewe ina sumu ndogo. Viuatilifu vingine sivyo, na huwezi kuvitofautisha kwa macho.

Ondoa bomba la kuingizia tankini kabla ya msimu wa kupuliza. Mvua za mwanzo za msimu zioshe bati, zipite. Baada ya hapo, kila mvua inayokuja baada ya siku kavu, mwaga lita 1 kwa kila mita ya mraba ya paa kabla ya kuruhusu maji yaingie. Paa la mita za mraba 60 ni madumu matatu ya lita 20. Safisha gata. Na dumu lililowahi kubeba kiuatilifu haliwi dumu la maji tena, hata lioshwe vipi. Litoboe ili asiliokote mtu mwingine.

Simama: kama kiuatilifu cha maji kimepulizwa juu ya nyumba na tanki lilikuwa wazi, mwaga tanki lote. Mtu akitapika, akitoka jasho na mate mengi au akibanwa kifua baada ya kuyanywa, hospitali mara moja, na chupa ya kiuatilifu iende naye.

## Hayana dalili, lakini watu wanaharisha

Hili ndilo gumu, na ndilo linaloua.

Anza nyumbani, kwa sababu mara nyingi ndiko liliko. Angalia dumu: ingiza mkono au brashi, sikia kama kuna utelezi ndani. Angalia chombo cha kunywea: kama watu wanachovya kikombe au kata, vidole vyao vinaingia majini kila mara. Ndoo yenye koki na mfuniko humaliza sehemu kubwa ya tatizo kwa bei ya ndoo. Angalia mtungi unaofunikwa kwa kitambaa kilekile cha kufutia. Angalia kama maji ya kioski yalichotwa safi yakahamishiwa kwenye pipa ambalo halijasuguliwa tangu masika.

Kisha angalia njia. Je, kulikuwa na mgao kabla watu hawajaugua? Bomba lako linapita ndani ya mtaro? Unyevu juu ya bomba wakati wa kiangazi ni uvujaji, na uvujaji ni mlango. Kwa kisima, shimo la choo liwe angalau mita 30 mbali na lisiwe upande wa juu wa mteremko. Kwenye mchanga, umbali uongezwe. Mfuniko wa zege wa kisima wenye ufa unaruhusu maji ya mvua kurudi chini na kinyesi cha mifugo.

Kisha mafuriko. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024, kilichoikata barabara ya Lindi hadi Dar es Salaam, kilituonyesha jinsi maji ya juu yanavyoweza kuingia kila mahali kwa siku moja. Kisima kilichofunikwa na mafuriko kinavutwa hadi maji yawe maangavu, kinatiwa klorini kwa kipimo cha mtaalamu, kinapumzishwa, kinavutwa tena, kinapimwa. Kabla ya majibu, watu watibu maji yao nyumbani.

Kutibu nyumbani si kazi kubwa. Yakiwa na tope, yaache yatue, mimina ya juu, chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa. Shabu na mbegu za mlonge zilizotwangwa husaidia tope kutua, lakini maji yaliyong'aa kwa shabu bado yana vijidudu. Baada ya kuchuja, chagua njia moja:

- kuchemsha hadi yatokote kwa nguvu kwa dakika 1, kisha yapoe ndani ya sufuria ileile iliyofunikwa;
- kidonge cha klorini: cha miligramu 67 ni kwa lita 20 za maji maangavu, ngoja dakika 30. Vidonge vina ukubwa tofauti, soma paketi;
- jua: chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, maji maangavu, juu ya bati kwa saa 6, au siku 2 kukiwa na mawingu.

Jua halifai kwa maji yenye tope, na klorini inadhoofishwa na tope.

Simama, nenda zahanati: kuharisha maji meupe mfululizo yanayofanana na maji ya mchele, damu kwenye choo, macho kudidimia, mtoto kushindwa kunywa, mkojo kupungua. Kipindupindu kinaweza kuua mtu mzima mwenye nguvu ndani ya saa chache. Usisubiri asubuhi. Njiani mpe maji ya chumvichumvi. Kama paketi haipo, lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mwambie mhudumu ulikochota maji, maana taarifa hiyo ndiyo inayookoa mtaa. Zahanati ikizidiwa, hospitali za rufaa za mikoa ni Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi.

## Usivyoweza kuvionja

Naitreti hutoka kwenye vyoo, mazizi na mbolea, na huingia visima vifupi. Kikomo ni miligramu 50 kwa lita. Hatari kubwa ni kwa mtoto wa chini ya miezi 6 anayetengenezewa maziwa ya unga: damu yake inashindwa kubeba hewa, midomo na kucha vinakuwa vya bluu. Kuchemsha kunazidisha naitreti. Mama anayenyonyesha tu anamkinga mtoto na hili. Midomo ya bluu ni safari ya hospitali, dakika hiyohiyo.

Madini ya risasi hutoka kwenye koki na viungio duni vya shaba, si kisimani. Kikomo ni miligramu 0.01 kwa lita. Acha maji yaliyolala usiku yatiririke kabla ya kuchota ya kunywa, na usipikie chakula cha mtoto kwa maji ya moto ya bombani.

Floraidi, inayofanya meno yawe ya kahawia, Tanzania inajulikana zaidi kwenye mikoa ya kaskazini yenye volkano na Bonde la Ufa. Kisima kipya huku kipimwe nayo vilevile. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

## Kupima na kuripoti

Maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji ipo Mtwara. Kwa vijidudu usipeleke maji kwenye chupa ya soda: omba chupa yao iliyotakaswa, ambayo ndani ina kemikali ya kuzima klorini ili matokeo yasidanganye. Usiisuuze. Futa mdomo wa koki kwa spiriti, acha maji yatiririke dakika 2 au 3, jaza bila kugusa ndani ya kizibo, weka kwenye kiboksi chenye barafu, fikisha ndani ya saa 6 ikiwezekana, isizidi 24. Chukua sampuli mbili: ya dirani na ya chombo cha kunywea. Majibu ya E. coli, bakteria wa kwenye kinyesi, yanatakiwa yawe 0 katika mililita 100. Ya dirani ikiwa 0 na ya ndoo si 0, usimlaumu mtu, osha ndoo.

Unaporipoti, taja saa dalili ilipoanza, mtaa, kama kulikuwa na mgao, nyumba ngapi zimeathirika, na glasi ipi imeonyesha nini. Mjini peleka kwa mamlaka ya maji. Kijijini kwa chombo cha watumia maji, na juu yake ofisi ya RUWASA ya wilaya, wakala wa maji vijijini ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Watu wakiwa wanaugua, ongeza afisa afya wa kata siku hiyohiyo. Omba namba ya taarifa na uiandike. Mamlaka ya mjini ikikaa kimya, malalamiko hayohayo, pamoja na namba hiyo, yanapelekwa EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji.